Rey Mysterio au Jeff Hardy: ukitaka kumfuatilia mrukaji mmoja uanze na nani?

Watu wanaoanza kuangalia mieleka wakishavutiwa na wale wanaoruka, swali lao huwa ni hilo hilo, nianze na nani, na majibu wanayopewa ni ya kishabiki tu, wa Rey anasema Rey, wa Jeff anasema Jeff, hakuna anayeeleza kwa nini. Na ni swali la maana kabisa, maana hawa wawili kila mmoja ana zaidi ya miaka 30 toka apande ulingoni, huwezi kuangalia kila kitu, na ukianzia pabaya unachoka mapema unaacha kabisa wakati utamu wenyewe hujaufikia.

Mi jibu langu nalitoa mapema. Kama una muda na unapenda stori ndefu inayokua, anza na Rey Mysterio. Kama una jioni moja tu na unataka kitu cha kukufanya usimame kwenye kiti, anza na Jeff Hardy, tena yule wa 1999 mpaka 2001. Sasa nieleze.

Kwanza tulimalize lile la "mieleka ni maigizo". Matokeo yanapangwa ndio, siku hizi hakuna anayeficha. Lakini sakafu haipangwi. Mtu akijirusha kutoka juu ya ngazi mgongo unagonga kweli, goti linatua kweli, na kwa hawa warukaji hesabu ikikosewa kidogo tu maisha yanabadilika. Kulikuwa na Mjapani anaitwa Hayabusa, mrukaji wa hali ya juu kabisa, tarehe 22 Oktoba 2001 alikanyaga kamba ili ajirushe kinyumenyume, mruko aliokuwa anaufanya siku zote, mguu ukateleza, akatua kwa kichwa, akapooza. Alifariki 2016. Dynamite Kid wa Uingereza, yule aliyepigana na Tiger Mask wa kwanza kule Tokyo 1981 kwenye mechi zilizobadilisha kabisa namna watu wadogo wanavyopigana, yeye mgongo ulimwisha taratibu, miaka yake ya mwisho akaishi kwenye kiti cha magurudumu. Kwa hiyo tunapowalinganisha Rey na Jeff tunalinganisha pia namna mbili za kuutumia mwili, na hilo lisitoke kichwani mpaka tumalize.

Mwanzo wao. Rey jina lake halisi ni Óscar Gutiérrez, kazaliwa Desemba 1974 upande wa California karibu kabisa na mpaka wa Mexico, akafundishwa na mjomba wake aliyekuwa anaitwa Rey Misterio, na 1989 akiwa na miaka 14 tu tayari anapigana Tijuana. Kwa hiyo yeye katoka kwenye shule ya Mexico, lucha libre, ambako kuruka ni sehemu ya lugha ya mchezo, unafundishwa na wakubwa, kuna utaratibu wake na kuna heshima ya kinyago. Jeff kazaliwa Agosti 1977, mji mdogo wa Cameron, North Carolina, yeye na kaka yake Matt wamejifunza kwa kujirusha kwenye trampolini nyuma ya nyumba yao na marafiki zao, wakaanzisha chama chao wenyewe kikaitwa OMEGA, mavazi wanashona wenyewe. Jeff akiwa na miaka 16 tayari anaonekana kwenye WWF, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani ambayo siku hizi inaitwa WWE, akipigwa na mastaa, ile kazi ya kuja kushindwa tu. Mmoja kalelewa na ukoo na shule, mwingine kajilea mwenyewe. Ukiwaangalia wakiruka unaiona tofauti hiyo mpaka leo.

Na hapa ndio penyewe. Rey anaruka ili afike mahali. Jeff anaruka ili aanguke.

Mwangalie Rey akiwa na mtu mkubwa. Urefu wake wanautaja kama sentimita 168 na uzito kilo 79 hivi, hana namna ya kumsukuma mtu wa kilo 130, kwa hiyo kila mruko una kazi. Anakanyaga kamba ili apate urefu ambao hana, anamrukia mpinzani shingoni kwa miguu, anajizungusha, uzito wa yule mkubwa unageuka kuwa ndio unaomwangusha. Hata ile 619, ambayo jina lake ni namba ya simu ya eneo la San Diego, ukiichunguza hakuna kuanguka humo. Mpinzani kalalia kamba ya kati, Rey anakuja mbio, anashika kamba, anapitisha miguu kati ya kamba ya juu na ya kati, anazunguka, miguu inatua usoni kwa mwenzake. Asili yake ni danganya toto ya Tiger Mask wa kwanza, Satoru Sayama, alikuwa anajifanya anaruka nje ya ulingo kumbe anajizungusha kwenye kamba anarudi ndani. Rey akaichukua akaifanya pigo. Mi hilo ndilo linanifanya nimheshimu kuliko mikanda yote, kachukua pozi akalipa sababu.

Jeff sasa. Swanton Bomb: anapanda kona, anasimama wima, anajirusha mbele, anapinduka hewani, anatua kwa mgongo juu ya mtu aliyelala. Mpinzani akihama, mgongo unakutana na ulingo peke yake. Na hata akipatia bado mgongo ndio unaolipa, hilo watu wengi hawalifikirii, kwamba pigo lake la ushindi linamwumiza yeye mwenyewe kila akilipiga, usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka. Alafu sasa toa kona weka ngazi, toa ulingo weka meza. Jeff hatafuti njia fupi ya kumshinda mtu, anatafuta sehemu ya juu kuliko zote ndani ya ukumbi, na ukumbi mzima unajua, ndio maana akianza tu kuangalia juu kelele zinaanza kabla hajafanya chochote. Hakuna mwanamieleka mwingine niliyewahi kumwona anayeweza kuamsha watu kwa kuangalia tu juu.

Kwa hiyo ukipenda akili, namna mtu mdogo anavyotatua tatizo la mtu mkubwa, utampenda Rey. Ukipenda kushika roho, utampenda Jeff. Na sio dhambi kupenda yote mawili ila uanze na lile linalokuvuta.

Tuje kwenye mechi maana ndizo zinazoamua. Kwa Rey mechi ni Halloween Havoc, 26 Oktoba 1997, Las Vegas, chini ya WCW, kampuni iliyokuwa inashindana na WWF, dhidi ya Eddie Guerrero, kinyago cha Rey dhidi ya mkanda wa Eddie wa uzito mwepesi. Haifiki hata robo saa! Ndani yake kuna kila kitu, kuna sehemu Rey anaruka kwenye kamba anapinduka kinyumenyume hewani na anapotua anashuka na kichwa cha Eddie, watu mpaka leo wanairudisha wanaangalia tena mguu kaukanyaga wapi. Na Eddie humo sio wa kusindikiza, yeye ndiye anayekata kila mruko, anang'ang'ania kinyago, anamfanya Rey aonekane mdogo kweli ili kila akiinuka uone kainuka kutoka mbali. Mwisho Eddie anataka kumrusha kutoka juu ya kona, Rey anageuza, Eddie ndiye anayeruka, mechi imeisha. Kama baada ya hapo huna hamu ya kuona nyingine ya Rey basi kweli warukaji sio wako.

Kwa Jeff sio mechi moja, ni mfululizo. Unaanza No Mercy, Oktoba 1999, Cleveland, Matt na Jeff dhidi ya Edge na Christian, mechi ya kwanza ya ngazi ya timu za wawili wawili, yani zawadi inaning'inizwa juu ya ulingo na anayepanda ngazi akaichukua ndiye mshindi. Wanaingia ni vijana ambao watu hawajawaamini, wanatoka ni mastaa. Inafuata WrestleMania 2000, WrestleMania ndio shoo yao kubwa ya mwaka, ikaongezwa timu ya Dudley Boyz, Jeff anajirusha kutoka juu ya ngazi ndefu nje ya ulingo mpaka kwa Bubba Ray na meza inapasuka, kisha SummerSlam 2000 ndio inazaliwa rasmi TLC, yani meza, ngazi na viti, kisha WrestleMania ya 17 Houston tarehe 1 Aprili 2001, Jeff ananing'inia kwenye mikanda huko juu ngazi imeondoka chini yake na Edge anamrukia kutoka kwenye ngazi nyingine anamkata katikati hewani wanashuka wote. Sasa nikwambie kitu ambacho kinanishangaza kila nikizirudia, hizo tatu za mwisho akina Hardy wameshindwa zote. Zote tatu! Edge na Christian ndio walioondoka na mikanda. Lakini muulize mtu yeyote aliyeziona anamkumbuka nani kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya Jeff kwa kifupi, anashindwa mechi anashinda usiku.

Ya nyongeza ni ile ya Julai 2002 kwenye Raw, shoo yao ya kila wiki ya TV, ngazi, dhidi ya Undertaker. Jeff peke yake bila kaka yake, anapigwa, anapanda, anaangushwa, anashindwa, anaendelea kujiinua na maneno, mpaka Undertaker anarudi ulingoni na badala ya kummaliza anamnyanyua mkono. Itafute, iko fupi.

Kwenye ubingwa wa juu hawa wawili wanafanana kuliko watu wanavyodhani. Ndani ya WWE kila mmoja kachukua mikanda mikubwa ya dunia mara 3, na kila mmoja kanyang'anywa haraka. Rey alishinda Royal Rumble ya 2006, mechi ya watu 30 wanaoingia mmoja mmoja na mshindi anapata nafasi ya ubingwa, akiingia namba 2 na kukaa ndani zaidi ya dakika 62, akaenda WrestleMania 22 akawashinda Kurt Angle na Randy Orton, mechi ya dakika 9 hivi, yani ubingwa wa dunia wamepewa dakika 9. Kisha kwenye huo ubingwa kila wiki anapigwa na majitu kwenye mechi zisizo za mkanda, mpaka Julai King Booker akauchukua. 2010 akaushika tena, wiki 4 tu, Kane akauchukua. Julai 2011 ndio mbaya zaidi, anaushinda mkanda wa WWE kwenye Raw kwa mara ya kwanza na kabla usiku haujaisha John Cena kashauchukua. Jeff naye, Desemba 2008 Armageddon anawashinda Edge na Triple H baada ya miaka ya kukosa kosa, watu wanalia ukumbini, wiki 6 baadaye Matt kaka yake mwenyewe anamsaliti na mkanda unarudi kwa Edge. Juni 2009 anashinda mechi ya ngazi na hata jasho halijakauka CM Punk anakuja na nafasi yake ya Money in the Bank, yani haki ya kumdai bingwa mechi wakati wowote, anamaliza. Julai anaurudisha kwa Punk, Agosti SummerSlam kaupoteza.

Hii haikuwa bahati mbaya. Wenye kampuni kwa miaka mingi waliwaona warukaji kama watu wa kuchangamsha ukumbi, sio wa kubeba kampuni, na hapo mi nasema wazi waliwakosea wote wawili, zaidi Rey, maana tayari watoto dunia nzima walikuwa wanavaa kinyago chake. Kwa anayechagua, maana yake ni kwamba usimfuate yeyote kati yao kwa ajili ya kipindi kirefu cha ubingwa, hakipo. Fuata njia ya kuufikia. Na kwa njia ya kuufikia Jeff wa 2008 ni bora kuliko Rey wa 2006, kwa sababu Rey alipewa safari ile chini ya kivuli cha msiba wa Eddie aliyefariki Novemba 2005, na uandishi wa stori ulimtumia marehemu kwa namna ambayo hata sasa ni ngumu kuiangalia. Ya Jeff ilijengwa taratibu, Januari anajirusha kutoka juu ya jukwaa la kuingilia kumwangukia Randy Orton, Machi anasimamishwa kazi anakosa WrestleMania, anarudi, anakaribia, anakosa, anakaribia, anakosa, Desemba inatokea.

Lakini kwa stori ndefu, hapo Rey hana mpinzani kabisa. Fikiria hii. Agosti 2005 kwenye SummerSlam Rey na Eddie wanapanda ngazi kugombania, kwenye stori, karatasi za kumlea mtoto, Dominik, mtoto halisi wa Rey, ana miaka 8, kakaa pembeni ya ulingo. Miaka 15 inapita, SummerSlam 2020 mtoto huyo huyo anapigana mechi yake ya kwanza. Mei 2021 baba na mwana wanachukua mkanda wa timu wa SmackDown, shoo nyingine ya kila wiki ya WWE, baba na mtoto wa kwanza kufanya hivyo WWE. Septemba 2022 kule Cardiff mtoto anamgeuka baba. Machi 2023 Rey anaingizwa kwenye Hall of Fame, kesho yake tu, WrestleMania 39, anapigana na mwanae na kumshinda. Huwezi kuandika kitu kama hiki ukaanza 2005 ukijua utamalizia 2023, kimekua chenyewe kwa sababu mtu alikuwa bado yupo, bado anaruka. Tena ukiangalia kwa mpangilio huo unapata na lingine, la kinyago: alikipoteza Februari 1999 WCW, kwa mtu wa lucha hiyo ni aibu isiyofutika, akakirudia alipoingia WWE 2002, na 2009 Chris Jericho akafanya ugomvi wao wote kuwa wa kukivua tena, moja ya ugomvi mtamu sana wa Rey na watu wanausahau.

Kwa Jeff, stori ndefu ipo ila inauma, na lazima niiseme maana anayechagua anatakiwa kujua anaingia wapi. Kuna kusimamishwa, kuna kuondoka 2003, kuna kukamatwa kwa mambo ya dawa Septemba 2009 siku chache tu baada ya kuondoka WWE, kuna Machi 2011 kwenye kampuni nyingine, TNA, alipopanda ulingoni dhidi ya Sting akiwa hali ambayo hakupaswa kupigana, mechi wakaimaliza kwa dakika moja na nusu, na kuna Juni 2022 alipokamatwa akiendesha gari amelewa, wakati huo yuko kampuni ya AEW na Matt. Sisemi haya kumdhalilisha. Nasema kwa sababu ukimpenda Jeff, na utampenda, utapita huko, na hapo katikati kuna furaha kubwa pia kama WrestleMania 33, Orlando 2017, muziki wao ukapigwa bila mtu kutegemea na uwanja ukalipuka, na Oktoba 2024 akiwa na miaka 47 yeye na Matt wakachukua tena mikanda ya timu ya TNA. Kuna watu hawawezi kuangalia mtu wanayempenda akijiumiza, ndani au nje ya ulingo. Kama ni wewe, nenda kwa Rey.

Miili yao sasa. Rey magoti kafanyiwa upasuaji mara kadhaa, toka enzi za WCW, na hiyo ndiyo iliyomfundisha kupunguza. Mwangalie wa 1997 alafu mwangalie wa 2023 alipochukua mkanda wa Marekani toka kwa Austin Theory, kaondoa miruko mingi ila zilizobaki kaziweka mahali pake, kwa hiyo hauoni pengo. Jeff hakuondoa. Septemba 2018, ana miaka 41, yuko ndani ya kizimba cha chuma cha Hell in a Cell, ananing'inia kwa mikono kwenye paa lake akitaka kumwangukia Orton, Orton akahama, meza ikampokea Jeff. Ni ushujaa, ni mapenzi kwa watu waliolipa kiingilio, na mi naipenda mechi ile, ila kama kuna kijana anaangalia hawa wawili akitaka kujifunza kuruka, kwa ajili ya kuifanya kazi hii siku moja, amwangalie Rey. Na asijaribu nyumbani bila mwalimu, hata akina Hardy walipofika kwenye pesa walikuta watu waliofundishwa wanawasubiri kuwadaka.

Kuna anayetaka mtu wa sasa, sio wazee hawa. Huyo namwambia Will Ospreay wa Essex, Uingereza, anza na mechi yake na Ricochet ukumbi wa Korakuen Tokyo, Mei 2016, ambayo ilizua mabishano dunia nzima kama hii ni mieleka au sarakasi, alafu fuata alivyoongeza mwili na kuhamia uzito wa juu mpaka kuchukua ubingwa wa dunia wa IWGP, mkanda mkubwa wa Japan, 2021. Ni kama kuona swali la Rey na Jeff likiulizwa upya kwa mtu mmoja.

Basi, kama umechagua Rey, mpangilio wangu ni huu: Halloween Havoc 1997, kisha SummerSlam 2002 na Kurt Angle, mechi ya kufungua shoo na ndiyo iliyowaonyesha WWE wamempata nani, kisha Jericho 2009, ndio urudi nyuma kwenye stori ya Dominik kuanzia 2005 uishuke mpaka 2023. Rumble ya 2006 weka mwisho. Kama umechagua Jeff, No Mercy 1999 mpaka WrestleMania 17 bila kuruka hata moja, Undertaker 2002, mwaka mzima wa 2008, SummerSlam 2009 na Punk ambako anajirusha kutoka kwenye ngazi mpaka meza ya watangazaji, kisha unakimbilia moja kwa moja WrestleMania 33, na sauti weka juu kabla muziki haujaanza.